Mradi wa mazingira shuleni: waachie wanafunzi washike usukani

Mradi wangu wa kwanza wa mazingira ulikufa likizo ya kwanza tu. Nilikuwa mwalimu mlezi mpya, nikaamua kila kitu peke yangu: miche 40, mahali pa kuipanda, hata siku yenyewe. Watoto walichimba mashimo, wakapiga makofi, shule ikafungwa. Tuliporudi tulikuta vijiti vikavu 37, na sikuona mtoto hata mmoja aliyesikitika. Wasikitike kwa lipi? Miche ilikuwa ya mwalimu.

Siku hizi sianzi na miche. Nakusanya watoto kumi hadi kumi na watano, kuanzia darasa la nne. Usiwachukue viranja peke yao, wala wale wa alama nzuri tu. Yule mtundu anayejua kila tundu la uzio ndiye anayejua pia taka zinatupwa wapi. Wamchague mwenyekiti na mwandishi wao wenyewe. Wape daftari moja kubwa lenye jalada gumu, wazunguke shule nzima wakiandika wanachokiona. Wewe kaa kimya. Kwa mwalimu hakuna kazi ngumu kama hiyo, nami hadi leo hunishinda mara kwa mara. Lakini mpangilio huo si wangu: hata Eco-Schools, mpango wa kimataifa wa mazingira shuleni ulioanza mwaka 1994, hutanguliza kamati yenye wanafunzi, ukafuata ukaguzi wa mazingira, ndipo mpango wa kazi.

Kundi lililofuata nilidhani litaniletea habari za taka. Likaja na bomba.

"Mwalimu, lile la tatu kutoka mlangoni linadondosha tone moja kila sekunde. Tumehesabu."

"Sasa hayo ni maji mengi au machache?"

Wakatazamana. Nikawapa chupa tupu ya nusu lita. Waliitega saa mbili kamili asubuhi, na kabla ya saa tano ilikuwa imejaa. Tukaenda ubaoni: matone 20 hufanya kama mililita moja, siku ina sekunde 86,400. Walikosea mara mbili, sifuri ilipotelea njiani, kisha jibu likatoka: zaidi ya lita 4 kwa siku, bomba moja tu. Barua kwa mwalimu mkuu waliiandika wenyewe, wakaambatanisha hesabu. Kilichohitajika kilikuwa kijipira cha ndani ya bomba, basi. Lakini tangu siku hiyo hakuna bomba lililovuja bila mtu kuja kugonga mlango wa ofisi ya walimu.

Kwa hiyo chochote watakachochagua, kipimwe kwanza. Kama ni taka, tandika turubai na umwage taka za siku moja. Watoto wavae glavu, watenge mabaki ya chakula, karatasi, plastiki na vinginevyo, kila fungu lipande mizani. Vioo, nyembe na betri ni vya mtu mzima kuokota, na mikono ioshwe kwa sabuni hata kama glavu hazikutoboka. Baada ya mwezi rudieni, siku ileile ya wiki, maana taka za Jumatatu si za Ijumaa.

Fungu la mabaki likiwa zito kuliko mengine, na mara nyingi huwa, watengeneze mboji. Kipimo chetu ni ndoo tatu za majani makavu kwa ndoo moja ya mabaki mabichi. Nyama na mafuta visiingie, vinaita panya. Lundo lifike kimo cha kiuno cha mtoto. Likiwa dogo halipati joto. Ukiminya konzi moja, yatoke matone mawili matatu ya maji. Likinuka, limelowa mno au limekosa hewa: ongezeni majani makavu, mligeuze. Ila kinachowanasa watoto ni kijiti. Wachomeke kijiti kirefu katikati ya lundo jioni, wakichomoe asubuhi na kukishika ncha. Mara ya kwanza walipokikuta cha moto, mmoja aliniuliza nani amewasha moto humo ndani. Maelezo ya vijidudu vinavyokula na kutoa joto waliyasikiliza siku hiyo kuliko siku yoyote niliyowahi kuyafundisha darasani.

Mradi uwe mmoja kwa muhula. Watataka mitano, waache wabishane, kisha wapige kura.

Miti nayo tumeirudia, safari hii minane. Kila mche una watoto wawili wanaokaa karibu na shule, na zamu za likizo hupangwa kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa. Zamu isipojaa, mche haupandwi. Walinibana mimi pia, jina langu liko kwenye orodha.

La mwisho ni kurithishana. Wa darasa la saba wataondoka na ujuzi wao, hivyo kila mmoja hutembea na mdogo wake wa darasa la nne muhula mzima, na daftari hukabidhiwa mstarini mbele ya shule. Letu limechakaa pembe sasa. Ukurasa wa kwanza bado unasomeka: "Bomba la 3. Tone 1 sekunde 1. Mwalimu hajui."