Somo: Sekunde ishirini kabla ya kupiga mpira wa gofu

Swingi nyingi, yaani mizungusho ya fimbo ya kupiga mpira, huharibika kabla fimbo haijapanda. Mpira ukienda kulia, mchezaji anatafuta kosa mikononi, kumbe miguu yake ilitazama kulia tangu mwanzo. Somo hili ni la anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Hatua ya 1. Simama mita 2 au 3 nyuma ya mpira, ukitazama unakolenga. Umbali, upepo na fimbo uviamue hapa, usivifikirie tena ukishasogea. Kisha tafuta alama kama nusu mita mbele ya mpira, kwenye mstari uleule: jani kavu, kipara cha nyasi. Alama ya karibu inalengeka kuliko bendera ya shimo iliyo mita 140.

Hatua ya 2. Kando ya mpira, fanya swingi ya majaribio. Moja inatosha, mbili zikizidi. Wengi wanapunga hewani tu, na hapo hakuna wanachojifunza. Fimbo lazima ifagie nyasi, kwa kasi ileile utakayopigia. Sikiliza mfagio mmoja mfupi, halafu inama utazame nyasi zilipolala. Kwa chuma namba 7, fimbo ya umbali wa kati, zilale pale ambapo mpira ungekaa au mbele yake kidogo. Zikilala nyuma, uzito umebaki mguu wa kulia, na ukipiga hivyo utachimba udongo kabla ya mpira. Rudia, safari hii umalize kifua kikitazama lengo na kisigino cha kulia kikiwa juu.

Hatua ya 3. Uso wa fimbo kwanza, miguu baadaye. Uelekeze kwenye ile alama, ndipo upange miguu. Fikiria reli: mpira uko reli ya nje, vidole vyako reli ya ndani. Reli hazikutani, kwa hiyo miguu itatazama kushoto kidogo ya bendera. Kwa chuma namba 7 mpira ukae karibu na katikati. Kwa draiva, fimbo ndefu ya kupiga mbali, usawa wa kisigino cha kushoto.

Hatua ya 4. Legeza mshiko kama umeshika kifaranga, tazama lengo mara moja, tikisa fimbo, piga. Tangu kuweka uso wa fimbo zisipite sekunde 8. Ukiganda juu ya mpira, mikono inakaza.

Nyumbani, dakika 10 kwa siku zinatosha: weka kizibo cha soda badala ya mpira na upitie hatua zote. Uwanjani, mipira 20 kwa utaratibu kamili inafaa kuliko 100 ya harakaharaka.

Maswali

*Mwalimu, shikamoo. Hapa Mwanza mchana upepo wa ziwani unatupiga usoni. Nibadilishe nini?*
Marahaba. Badilisha fimbo, utaratibu uache. Palipo pa chuma namba 7 chukua 6, hata 5 (namba ikipungua mpira huenda mbali zaidi), na swingi iwe fupi na tulivu. Ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka zaidi, unapaa, na upepo unaurudisha. Asubuhi ziwa likiwa limetulia ndiyo saa ya kupima umbali wako halisi.

*Tunakwenda kucheza Entebbe. Naruhusiwa kulaza fimbo chini inionyeshe mstari, au kedi, mbeba fimbo wangu, asimame nyuma yangu?*
Mazoezini laza. Kwenye mashindano, kanuni za tangu 2019 zimekataza yote mawili, na adhabu ni mikwaju 2. Fimbo ukishasimama kwa kuifuata, hata ukiiondoa kabla ya kupiga adhabu ipo. Kedi aondoke kabla hujaanza kupanga miguu. Na ukiwa kwenye bunka, yaani shimo la mchanga, swingi ya majaribio isiguse mchanga.

*Kaka, ya majaribio inatoka safi, ya kweli inaharibika. Kwa nini?*
Kagua vidole. Mtu akiuona mpira anakaza mshiko bila kujua, viwiko vinajikunja, fimbo inagonga juu ya mpira. Toa pumzi kabla ya kusogea, na kwa wiki moja piga robo tatu ya swingi tu. Pia usikawie: mwili unasahau ule mfagio ndani ya sekunde chache.