Ukipata siti kwenye daladala, pakata begi la aliyesimama

Nimejifunza hii juzi kwa mama mmoja kwenye gari la Mbagala, jioni, gari limeshona hadi mlangoni. Ukiwa umekaa na kuna mtu kasimama na begi, hasa denti (mwanafunzi), usimuulize "nikusaidie?" maana wengi watakujibu hapana tu kwa aibu au kukuhofia. Mwambie "lete begi nikupakatie", halafu liweke mapajani zipu ikimtazama yeye, mikono yako juu ya begi aione. Hapo anatulia, anashika bomba kwa mikono miwili, dereva akifunga breki ghafla hamuangukiani, na wewe hupigwi begi la uso kila kona (faida yako pia hiyo, tusidanganyane).

Inagoma kwenye pochi ya mkononi, hiyo muache nayo mwenyewe, simu na hela zake zimo humo akishuka akakosa kitu utaeleza nini. Na kama unashuka kabla yake mwambie mapema, "mimi naishia Mtongani", sio unamrushia begi konda ameshagonga bodi. Ndoo ya samaki sijajaribu.