Namna ya Kufuatilia Historia ya Meli ya Mizigo ya Wakati wa Vita kwa Kuanzia na Picha ya Zamani

Ukiwa na picha ya meli ya mizigo iliyotia nanga mbele ya Lindi au Mikindani katika miaka ya Mpango wa Karanga, yaani mradi wa Uingereza wa kulima karanga Tanganyika baina ya 1947 na 1951, usianze kwa kutafuta jina lake. Anza kwa kulichunguza umbo lake. Majina ya meli za mizigo zilizoundwa wakati wa Vita Kuu ya Pili yalibadilishwa mara kwa mara, ilhali chuma chake kilibaki kilekile.

Linganisha kwanza picha yako na meli za Liberty. Marekani iliunda meli 2,710 za aina hiyo kati ya 1941 na 1945, zote kwa mchoro uliotokana na meli za mizigo za Uingereza, kwa hiyo ukiijua moja umezijua karibu zote. Urefu wake ni kama mita 134 na upana mita 17. Ina nyumba moja katikati yenye dohani fupi, milingoti mitatu, na ngama (vyumba vya shehena) tano, tatu mbele ya nyumba hiyo na mbili nyuma yake. Omo yake, yaani sehemu ya mbele, haina sitaha ya juu iliyoinuliwa. Ukiiona sitaha hiyo, huenda unatazama meli ya Victory, ambayo ilifuata kuanzia 1944 na kwenda kasi zaidi, kwani Liberty yenyewe, kwa injini yake ya mvuke ya nguvu za farasi 2,500, ilikwenda noti (maili za baharini kwa saa) 11 tu.

Tazama pia kilicho ubavuni mwa meli. Matishari yanayopokea shehena yanaonyesha kwamba meli haikufunga gatini, jambo la kawaida kusini kabla ya gati la maji marefu la Mtwara kukamilika mwaka 1954. Wazee waliofanya kazi ya upakuzi watakusaidia zaidi hapa kuliko kitabu chochote, ila waulize walichopakua na walipokipakua kabla ya kuwauliza mwaka.

Hatua inayofuata, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha kazi nzima, ni kutafuta jina la kiwanda na namba ambayo kiwanda kiliipa meli hiyo. Namba ya usajili hubadilika meli inapohamia bendera nyingine. Namba ya kiwanda haibadiliki. Tahadhari hii inahusu hasa meli 200 za Liberty ambazo Uingereza iliazimwa, na nyingi kati yake ikazipa majina yanayoanza na Sam, kwa kuwa nyingi kati yake zilinunuliwa na kampuni za Uingereza vita vilipokwisha, zikapewa majina mapya, na baadaye zikauzwa tena.

Ukishaipata namba, andika tarehe tatu: ya kulazwa mkuku (uti wa chini wa meli), ya kushushwa majini na ya kukabidhiwa. Usizichanganye. Meli ya Liberty iitwayo Robert E. Peary, iliyoundwa Richmond, California, Novemba 1942, ilishushwa majini baada ya siku 4 na saa 15 hivi, lakini hayo yalikuwa maonyesho ya kutia watu ari, wala hayafai kuwa kipimo cha meli nyingine. Kasi ya kawaida ilitokana na kuunda vipande vikubwa nchi kavu na kuviunganisha kwa kuchomelea badala ya kupiga ribiti (pini za chuma za kubana mabamba).

Uchomeleaji huo ndio unaokulazimu kusoma kumbukumbu za matengenezo. Baadhi ya meli zilipasuka, chache zikakatika vipande viwili, na Constance Tipper, mtaalamu wa metali wa Cambridge, alionyesha kwamba chuma chenyewe kilikuwa kikikosa unyumbufu katika baridi, kisha ufa ukikimbia kutoka bamba hadi bamba bila kizuizi. Ukikuta taarifa ya mikanda ya chuma iliyoongezwa kwa ribiti, au ya pembe za milango ya ngama kuviringwa, meli yako ilirekebishwa kwa sababu hiyo.

Kwa safari za wakati wa vita chini ya bendera ya Uingereza, omba kadi za mienendo ya meli katika Nyaraka za Taifa za Uingereza (The National Archives), London, kundi BT 389. Kwa shughuli za bandari zetu, tafuta mafaili ya Jimbo la Kusini katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mwisho kagua orodha za meli zilizokatwa vyuma, maana nyingi ziliishia huko katika miaka ya 1960. Kama yako ni miongoni mwa chache zilizosalia, utakuwa umeshalijua jina: Jeremiah O'Brien iko San Francisco, John W. Brown iko Baltimore, na Arthur M. Huddell, ambayo sasa inaitwa Hellas Liberty, iko Piraeus.