Kabla ya Kufungua BGP na Jirani

Ukitaka kuunganisha ruta yako na mtandao mwingine kwa BGP, lugha ambayo ruta hutumia kuambiana njia za kufikia anwani, iwe ni kwenye vituo vya kubadilishana intaneti vya KIXP Nairobi na TIX Dar es Salaam au kwa mtoa huduma wako, andika kwanza namba yako ya AS (namba inayoutambulisha mtandao) na ya jirani, yaani mtandao unaounganishwa nao, anwani za IP za pande zote mbili, na anwani utakazotangaza. Namba ya AS ikikosewa kikao, yaani mawasiliano ya BGP kati ya ruta hizo mbili, hakifunguki, nawe utajua papo hapo. Cha kuogopa ni kikao kinachofunguka vizuri bila chujio, yaani kanuni za kuamua matangazo yapi yapite.

Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom ilitaka kuifunga YouTube ndani ya nchi, ikatangaza 208.65.153.0/24, sehemu ya anwani za YouTube. Mtoa huduma wake akaipokea bila kuichuja, akaisambaza nje. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22, na kwa kuwa ruta hufuata tangazo lililo finyu zaidi (namba baada ya mkwaju ikiwa kubwa, anwani ni chache), watumiaji wa nchi nyingi wakaelekezwa Pakistan kwa takriban saa mbili. Kwa hiyo nasisitiza sana: chujio za kuingia na kutoka ziandikwe kabla kikao hakijawashwa. Zinazotoka ziwe anwani zako na za wateja wako tu; ulichopokea kwa mtoa huduma mmoja kisivuke kwenda kwa mwingine. Upande wa kuingia, kataa anwani za ndani kama 10.0.0.0/8, kataa za kwako mwenyewe, na katika IPv4 kataa kilicho finyu kuliko /24. Kisha weka ukomo wa idadi ya njia. Jirani mwenye njia 200 mpe ukomo wa 300, ili siku akikumwagia njia zote za intaneti kwa bahati mbaya, kikao kijifunge chenyewe.

Kagua pia ROA zako, yaani vyeti vinavyosema AS ipi inaruhusiwa kutangaza anwani zako, kwenye AFRINIC, shirika linalogawa anwani za IP Afrika. ROA yenye namba ya AS isiyo sahihi ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana mitandao inayokagua RPKI, mfumo wa vyeti hivyo, itatupa tangazo lako.

Mlango wa TCP 179, ambao BGP huutumia, uwe wazi kwa jirani huyo peke yake, na nenosiri mkubaliane mapema.

Mwisho, usitegemee kuingia kwenye ruta kupitia njia ileile unayoibadilisha. Oktoba 4, 2021, Facebook ilipopotea mtandaoni kwa karibu saa sita, mafundi wake walilazimika kwenda wenyewe kwenye vituo vya data. Andaa kebo ya konsoli au laini ya pembeni, hifadhi nakala ya mipangilio ya zamani, na kwenye Cisco anza kwa amri ya reload in 10. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 ruta itawaka upya na mipangilio iliyohifadhiwa. Kikao kikitulia, ifute kwa reload cancel ndipo uhifadhi.