Bata mzinga akinyamaza, usiinuke

Kwa mlioko Marekani na mmeshakata leseni ya kuwinda bata mzinga wa majira ya machipuko: kazi ya asubuhi huanza jioni ya siku iliyotangulia. Ndege hawa hulala juu ya miti, na dume mara nyingi hulia jua likizama. Sikiliza, kumbuka upande, nenda zako nyumbani. Rudi kungali giza, ukae kama mita 100 kutoka mti wao, umeegemea shina pana kuliko mabega yako. Shina linakuficha, na linakukinga na mwindaji mwingine aliye nyuma yako.

Wengi huharibu hapa: dume akiitika tu, wao wanaita mfululizo kwa kuiga sauti ya jike. Kwa kawaida jike ndiye humwendea dume, kwa hiyo dume akisikia jike mwenye kelele husimama palepale, katanua mkia, akisubiri afuatwe. Ita mara chache, kwa sauti ya chini, kisha tulia. Kwaruza majani makavu kwa mkono, kama jike anayechakura. Dume akinyamaza ghafla, usiinuke! Huenda yuko njiani, anakuja kimyakimya. Mimi hujipa nusu saa nzima, hata miguu ikifa ganzi.

Mlenge kichwa na shingo, asizidi mita 35. Na usivae chochote chekundu, cheupe wala cha buluu, hata soksi. Hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwingine anaweza kukudhania ndege. Ukishampata, mfunike kitambaa cha rangi ya chungwa kabla ya kumbeba begani.