Bangili ya vipete vya shaba: utamu uko kwenye kufunga

Waya wa shaba wa umeme wa 1.5 (milimita za mraba, yaani unene kama milimita 1.4), ule wa uzi mmoja, upo kwenye maduka ya umeme hapa Mwanza. Uchune, uuzungushe kwa kubana kwenye chuma cha mviringo cha milimita 5, ukate vipete kwa msumeno mwembamba wa sonara. Plaizi ya kukatia huacha ncha zilizochongoka, zinakwaruza ngozi.

Gawa upana wa ndani wa kipete kwa unene wa waya: hapa ni kama 3.6. Inafaa kwa msuko ambao kila kipete kinashika vingine vinne. Chini ya 3 vinakabana. Ukizidisha sana, bangili inalegea kama wavu uliochoka.

Kufungua, tumia plaizi mbili zisizo na meno: ncha moja mbele, nyingine nyuma. Usitanue, duara litaharibika. Kufunga, pitiliza kidogo halafu rudisha, huku ukisukuma ncha zikutane. Ile "tik" ndogo ndiyo raha yenyewe, kuliko hata kuuza! Pitisha ukucha kwenye kiungo. Ukucha ukikwama, rudia sasa hivi, maana kesho kipete hicho kitakuwa katikati ya msuko.

Shaba ikifubaa: ndimu na chumvi, suuza, kausha kabisa.