Kabla ya Kuanza Ubingwa wa Tiba ya Utengamao: Ya Kuandaa Ukiwa Bado Dar

Daktari aliyemaliza utarajali na kuvutiwa na ubingwa wa utengamao, yaani tiba ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujimudu baada ya ugonjwa au jeraha, na anayetaka kuusomea Marekani, aanze na kalenda. Huko mafunzo haya huchukua miaka 4: mmoja wa tiba za jumla, mitatu ya utengamao wenyewe. Maombi hutumwa Septemba, majibu hutoka Machi, kazi huanza Julai. Mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari ya Marekani, iwe imekamilika kabla ya Septemba hiyo, maana faili pungufu hupitwa mapema.

Wodi ya utengamao ina maswali yake. Mgonjwa wa kiharusi akirudi Mbagala, atapandaje daladala? Nani atamgeuza usiku? Choo cha nyumbani ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Zoea kuyauliza na kuyaandika sasa, hata kama wodi uliyopo haikudai. Marekani mgonjwa aliyelazwa hufanya mazoezi ya tiba takribani saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa hiyo raundi huanza asubuhi sana, kabla hajapelekwa mazoezini. Kila wiki kuna kikao cha timu: fiziotherapia, tiba kazi, tiba ya usemi, nesi, ustawi wa jamii. Daktari ndiye anayekiongoza, na asiyejua mgonjwa anahamaje kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu hana la kuongoza.

Ujuzi wa kunoa kuliko wote ni upimaji wa majeruhi wa uti wa mgongo, na Dar, kwa ajali za bodaboda tulizo nazo, hukosi pa kujifunzia. Omba ridhaa ya mgonjwa na usimamizi wa bingwa. Kila upande una sehemu 28 za hisia, za kupima kwa pamba na kwa pini, na misuli 10 ya kupewa alama 0 hadi 5. Malizia kwa kupima njia ya haja kubwa. Wengi huiruka kwa aibu, na bila hiyo huwezi kusema kama jeraha limekata mawasiliano yote au kuna yaliyobaki.

Jifunze pia kushughulikia dharura ya presha kupanda ghafla kwa majeruhi wa uti wa mgongo (autonomic dysreflexia) hadi uifanye bila kufikiri. Aliyeumia usawa wa T6 (pingili ya sita ya kifua) au juu yake analalamika kichwa kinapasuka, uso unatoka jasho, presha imepanda. Presha yake ya kawaida huwa chini, pengine 100 ya juu, hivyo 140 isikutulize. Mkalishe wima, shusha miguu, legeza nguo, kisha fuata mpira wa mkojo wote kutafuta palipojikunja au kuziba. Kibofu kikiwa sawa, angalia choo kigumu. Ukitoa dawa ya presha na kuuacha mpira umeziba, chanzo bado kipo.

Rudia anatomia ya neva za mkono na mguu, kwani utafanya vipimo vya umeme wa neva na misuli takribani 200. Mkono wa baridi hupunguza kasi ya neva na kukuonyesha ugonjwa usiokuwepo. Upashe joto hadi ngozi ifike kama nyuzi 32 ndipo upime.

Begini weka nyundo ya refleksi, uma wa sauti wa 128 Hz, futi ya kupimia na goniometa, kipimo cha pembe za viungo. Na kabla ya kukata tiketi, uliza Baraza la Madaktari Tanganyika ubingwa utakaorudi nao utasajiliwaje, kwa vyeti gani.